Kilo Arobaini na Sita

Mzee Zadock alituma swali lake kwenye grupu ya kanisa Jumapili saa nane mchana, wakati ambapo watu wote wameshiba na hawana la kufanya ila kushika simu.

"Wapendwa, Bwana asifiwe. Ni swali tu. Mtu anayeishi kwa msaada wa serikali anaweza aje kununua tiketi ya ndege mpaka Kenya? Nauliza kwa upendo."

Mtu wa kanisa letu akisema anauliza kwa upendo, wewe vaa helmeti. Kabla ya dakika kumi kuisha majibu yalikuwa arobaini na moja. Mmoja alisema haiwezekani kabisa. Mwingine alisema inawezekana sana, ndiyo maana kodi inapanda. Mwingine aliweka picha ya ndege na uso unaowaza, akanyamaza, kazi yake imekwisha. Hakuna aliyetaja jina. Ya nini? Asubuhi hiyo hiyo ni mtu mmoja tu aliyesimama mbele ya kanisa kuomba maombi ya safari, na mtu huyo ni shangazi yangu Nkirote. Sasa alikuwa ameketi mbele yangu, kwenye chumba chetu cha vitanda viwili kule Fridley, Minnesota, mto nyuma ya mgongo, akimenya viazi.

"Soma kwa sauti," aliniambia.

"Shangazi, haya si ya kusomewa mtu ameshika kisu."

"Gitonga, soma."

Nikasoma yote arobaini na moja. Aliendelea kumenya, ganda linatoka refu bila kukatika. Nilipomaliza aliuliza, "Na Lynette ameandika nini?"

Lynette ni mke wa Mzee Zadock. Niliangalia. Hakuwa ameandika kitu.

"Basi," alisema, akachukua kiazi kingine.

Nieleze kidogo, kwa sababu Mzee Zadock hakueleza. Shangazi alikuja Minnesota akafanya kazi ya kutunza wazee, ile kazi ambayo sisi Wakenya tumeipenda mpaka wazee wa huku wanajua kusema "pole pole". Mwaka wa tatu, mzee mmoja wa kilo mia moja na ishirini aliteleza bafuni, na badala ya kumwacha aanguke kama kitabu cha kazi kinavyosema, shangazi alimdaka. Mzee hakuumia hata kucha. Mgongo wa shangazi ulipasuliwa mara mbili. Tangu hapo anaishi kwa pesa za walemavu, na mimi ninayefanya kazi katika nyumba ya vijana wenye ulemavu Maple Grove nalipa nusu ya kodi ya nyumba na maneno yote ya ziada. Serikali haimruhusu kuweka akiba ya kuzidi dola elfu mbili, na shangazi hajawahi kuisumbua serikali kwa jambo hilo.

Hatujasema bado kwa nini anataka kusafiri. Ni jicho.

Nyanya yangu, mama yake shangazi, ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia linaona kivuli na mwanga, na daktari amesema halitangoja mwaka mwingine. Kila Julai madaktari wa macho huja kwenye hospitali ya misheni karibu na kwetu Meru, wanapasua watu bure kwa siku tatu, wanaenda. Mara mbili nyanya ameandikishwa, mara mbili ameamka asubuhi ya siku yenyewe akafunga mlango kwa ndani. Kule kijijini walimwambia kwamba binti yake alivunjika mgongo Amerika na analala kitandani kama gunia, na kwamba sisi tunamficha. Tulimpigia video. Akasema haoni video, si ndiyo shida yenyewe? Tukamwambia asikie sauti. Akasema hata aliyelala ana sauti.

"Nipasuliwe nione nini?" alituambia. "Nkirote akija asimame hapo mbele yangu, nitakubali. Asipokuja, haya ninayoona yananitosha."

Siku yake mwaka huu ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Julai. Shangazi alikuwa na nusu ya bei ya tiketi. Wakala wetu wa tiketi alikuwa amemshikia bei mpaka Ijumaa saa sita mchana, kisha bei ingepanda mahali ambapo hata ngazi haifiki.

Sasa kuna jambo la ajabu kuhusu watu wetu. Mchana wanauliza utalipaje tiketi. Jioni wanaleta mizigo. Ni desturi: anayekwenda nyumbani ana begi mbili za kilo ishirini na tatu, na begi hizo si zake, ni za jumuiya. Kabla ya saa moja ya usiku wa Jumapili hiyo tulikuwa tumepokea viatu vya mtoto, dawa za viungo chupa sita, na simu iliyofungwa ndani ya soksi. Kila mtu alisema ni kitu kidogo tu. Yule wa picha ya ndege na uso unaowaza alileta sufuria.

"Shangazi," nilisema nikiangalia ile sufuria, "hawa watu wanaamini hutaweza kufika, lakini wanataka mizigo yao ifike."

"Ndivyo tulivyo."

"Si uuze hizo kilo? Arobaini na sita. Kutuma sanduku kwa kampuni ni bei ya ng'ombe."

Alinitazama kama vile nimependekeza tuuze figo ya mchungaji. "Mizigo ya watu haiuzwi, Gitonga. Unabebewa leo, kesho unabeba."

"Wewe ulibebewa lini?"

Alikwenda kulala, na mimi nikabaki nimekaa na sufuria.

Jumatatu asubuhi Lynette alipiga simu. Shangazi aliiweka simu mezani na sauti juu, kwa sababu kuinua mkono muda mrefu kunamuumiza, kwa hivyo mimi nilisikia bila dhambi.

"Mama, shikamoo ya mgongo," Lynette alianza. Hiyo ndiyo salamu yao.

"Mgongo unaitikia vizuri leo. Niambie."

"Ile mambo ya grupu, mimi nimeona aibu. Zadock nimemwambia. Hata sikupigii kwa hiyo." Akavuta pumzi. "Dada, mdogo wangu anaolewa Kisii tarehe kumi na nane. Gauni za wasichana nane ziko hapa kwa kabati langu. Kampuni ya mizigo inasema wiki sita. Nimelia. Nimesikia unaenda, na najua watu wameshakuletea vitu, sasa sijui hata kama nikikuomba..."

Nilijua kinachokuja. Shangazi angesema, "Lete tu." Amesema "lete tu" maisha yake yote. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliangalia dirisha, pale ambapo hakuna cha kuangalia ila maegesho ya magari. Halafu akasema, polepole sana:

"Lynette, begi zote mbili ni zako. Vitu vya wengine nitawarudishia. Lakini utazilipia. Nina nusu ya tiketi tu."

Mimi nilishika ukingo wa meza.

"Nikulipe nusu ile nyingine?" Lynette aliuliza.

"Ukiona ni sawa."

"Mama! Nilikuwa naogopa kukuomba bure. Naleta kesho."

Shangazi alikata simu, akaweka mikono mapajani. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa akiiba sukari. "Nimeuza mizigo," alisema.

"Umeuza nafasi," nilimwambia. "Mizigo ni ya Lynette."

Gauni zilikuja Jumanne ndani ya begi mbili, rangi ya zambarau, na nyingine juu yake ya zambarau zaidi, pamoja na bahasha. Shangazi hakufungua bahasha. Aliiweka nyuma ya redio. Lakini begi alizifungua, akatoa kila kitu na kukipanga kitandani.

"Anti Lynette ameshapanga vizuri," nilisema.

"Pale uwanja wa ndege wataniuliza nani amefunga mzigo huu. Nataka niseme ni mimi, na iwe ni mimi."

Kisha tukapima. Sisi hatuna mizani ya begi, tuna ile ya bafuni, kwa hivyo napanda mimi peke yangu, halafu napanda nimekumbatia begi, tunatoa mimi. Shangazi alinikatalia hata chai kabla ya kupimwa, ati nitaharibu hesabu. Begi ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilizidi ya kwanza kwa kilo tano. Gauni nne za kitambaa kile chepesi haziwezi kuzidi nyingine nne hivyo hata zikilowa. Shangazi alianza kupapasa kati ya vitambaa, na ndani ya gauni la tatu, limefungwa vizuri kwa petikoti, akatoa boksi la breki za gari. Mpya. Seti mbili.

Tulitazamana.

"Bibi harusi anaolewa na fundi?" niliuliza.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Mzee Zadock: *Mpe Enock. Za gari lake la Probox.*

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Shangazi hakucheka. Aliliweka boksi karibu na mlango, juu ya gazeti, kama mtu anayeweka viatu vyenye matope.

Jumatano alipiga simu ofisi ya serikali, kwa wale wanaomlipa. Alingoja dakika hamsini akisikiliza muziki. Mimi nilikuwa nafunga viatu niende kazini, nikapunguza mwendo wa kufunga.

Aliwaambia siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Akawaambia pia kwamba amepewa pesa kwa kubeba gauni za harusi.

"Shangazi!" nilinong'ona. "Hawajakuuliza habari za gauni!"

Alinipungia mkono nitoke. Baadaye alinieleza kwamba mama wa ofisini alimwomba arudie neno gauni. Kisha akasema ataandika, na kwamba mwezi ujao watakata kiasi fulani. Safari haina neno, alisema, mradi asikae nje siku thelathini. Zikifika siku thelathini, malipo yanasimama.

"Watakata kiasi gani?"

"Kiasi."

"Kwa hivyo Agosti tunakula viazi."

"Unavipenda."

Ndipo ikaja Alhamisi jioni, na Mzee Zadock mwenyewe mlangoni, amevaa koti la kanisani siku ya kazi. Alikuwa ametoka kwake Maple Grove mpaka Fridley saa ya msongamano, na mtu hafanyi hivyo kuja kusalimia. Hakuona boksi miguuni pake.

"Dada Nkirote, hamjambo."

"Hatujambo, Ndugu Zadock. Karibu ukae. Gitonga, chai."

Niliweka maji motoni, nikaacha mlango wa jikoni wazi kabisa. Chai ya siku hiyo ilinichukua muda mrefu.

"Nimekuja kwa gauni," alisema. "Lynette hakuniuliza. Dada, sina ubaya na wewe. Lakini mtu aliye kwa msaada akionekana pale uwanjani, watamshika, watauliza maswali. Na gauni za watu zitashikwa pamoja na yeye. Harusi itakuwaje?"

"Watanishika kwa nini?"

"Kwa... si unajua. Serikali inakulisha, halafu wewe unapanda ndege."

Shangazi aliinuka. Kuinuka kwake ni safari: mkono kwenye kiti, mkono kwenye meza, pumzi, halafu juu. Mzee Zadock alisogea nusu amsaidie, akaogopa, akakaa. Shangazi alikwenda nyuma ya redio akaleta bahasha, akaiweka mbele yake.

"Hii ni pesa ya Lynette. Sijaigusa. Gauni ziko chumbani, zimekunjwa. Ukitaka, chukua vyote viwili. Sitanuna."

Maji yalikuwa yanachemka na mimi sikuyatoa. Kesho saa sita bei inapanda. Akilini nilimwona nyanya amefunga mlango kwa ndani. Nilitaka kutoka niseme neno, na nina maneno mengi, lakini shangazi alitupa jicho jikoni mara moja tu, nikarudi kwa majani ya chai.

Mzee Zadock aliitazama bahasha. "Kwa hivyo tiketi hii nimelipa mimi?"

"Nusu. Na umelipa kilo, hukumlipa Nkirote. Nusu nyingine nimeweka mimi, miaka miwili. Ofisini nimewaambia yote, hata bahasha hii. Wamenikatia Agosti."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Mzee Zadock aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko ile ya grupu, "Sasa kwa nini hukunijibu? Niliuliza wazi."

"Hukuniuliza mimi," shangazi alisema. "Uliuliza watu mia mbili na kumi."

Niliingia na chai wakati huo, kwa sababu ingechelewa zaidi ingekuwa uji. Mzee Zadock alipokea kikombe bila kuniangalia. Nikamwonyesha mlango kwa kidevu.

"Mzee, na ile zawadi ya bibi harusi umeiona?"

Aligeuka, akaona boksi kwenye gazeti. Sijawahi kuona mtu mzima akitaka kuingia ndani ya kikombe.

"Ilikuwa nafasi tu," alisema. "Enock ni ndugu yangu. Gari lake halina breki."

"Gauni nitabeba," shangazi alisema. "Breki hapana. Mtu akificha kitu ndani ya mzigo nitakaosema ni wangu, wakinishika hapo hawatakosea."

Mzee Zadock alikunywa chai yote. Ilikuwa ya moto na alikuwa hana pa kuangalia. Alipomaliza aliweka kikombe juu ya bahasha, akaisukuma bahasha na kikombe chake pamoja upande wa shangazi.

"Unaenda kufanya nini kule, dada? Hukusema kanisani."

Shangazi akamweleza habari ya jicho, kwa maneno machache, bila kupamba. Mzee Zadock alitikisa kichwa mara kadhaa, akauliza hospitali gani, jicho lipi. Kisha akauliza anaondoka lini na anarudi lini.

"Naondoka tarehe nane Julai, narudi tarehe mbili Agosti."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikienda. "Siku ishirini na tano. Sawa, thelathini hazifiki. Usipitishe, dada. Watu wataongea."

"Watu gani, Mzee?" niliuliza.

Alinitazama sana. Kisha akainama, akachukua breki zake, akaondoka.

Usiku huo kwenye grupu aliandika, "Lile swali limejibiwa. Mungu awabariki." Niliandika "Amina" peke yangu, nikaongeza nukta tatu. Shangazi aliniamuru nifute nukta.

Ijumaa saa tatu asubuhi tiketi ililipwa. Jumanne iliyofuata nilirudisha sufuria, viatu, chupa sita na simu ya ndani ya soksi, nyumba kwa nyumba, na nyumba zote ziliniambia hazikuelewa ni kwa nini, kitu chenyewe si kilikuwa kidogo tu. Siku ya pili nikampeleka shangazi uwanjani. Begi mbili za gauni za zambarau, na yeye mwenyewe na mkoba wa mkononi wenye dawa zake, kitabu cha nyimbo na nguo za kubadilisha mara mbili. Miaka kumi na moja nje, na anakwenda nyumbani mikono mitupu. Nilimwambia kijijini watasema Amerika imekwisha.

"Waseme," alisema. "Hawakuniita wao."

Nyanya alipasuliwa siku yake. Shangazi alisema mama yake hakufunga mlango; alishika mkono wake kutoka nyumbani mpaka kwenye kitanda cha hospitali, akiupapasa juu na chini kama anayenunua kitambaa, bila kusema kama amemwamini. Kesho yake ndiyo waliahidi kumfungua bandeji, saa tisa alasiri kwao. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Nilikuwa kazini, nimesimama jikoni Maple Grove, nakoroga uji wa shayiri kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mkono wa pili.

Muuguzi ndiye aliyeshika simu upande wa kule. Niliona kitanda, shuka la kijani, na nyanya, mdogo kuliko nilivyomwacha. Walitoa bandeji, wakatoa pamba. Alikaa amefumba. Muuguzi alimwambia afumbue, hakufumbua. Akamwambia tena. Shangazi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, wima, bila kushika kitu, na mimi nilijua inamgharimu nini kusimama vile.

"Mama," alisema. "Niko hapa."

Jicho lilifunguka. Lilipepesa, likatoa machozi, likatulia. Nyanya alitazama muda mrefu sana. Uji ulianza kushika chini na mimi niliuacha ushike.

"Geuka," nyanya alisema.

Shangazi aligeuka.

"Nenda mpaka kwa mlango."

Alikwenda. Polepole, lakini alikwenda. Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuza vichwa, wengine wana bandeji bado, wanasikiliza hatua.

"Rudi."

Alirudi.

Nyanya alivuta pumzi, akajifuta shavu kwa nyuma ya mkono. "Haya," alisema. "Nimeona. Sasa nani alikwambia uje hospitali na suruali?"

Shangazi alianza kucheka, muuguzi naye, na simu ikatetemeka ikageukia juu, kwa hivyo sikuona kilichofuata. Niliona dari, na feni inayozunguka, na nilisikia nyanya akimwita karibu, akiuliza hizo nywele nyeupe za kichwani amezipata wapi, na hizo nyingine, na hizo za huku.